Ikianza Kutiririka Kirahisi, Usifurahi

Wanangu mnaosimama mbele ya mashine za kuyeyusha na kusukuma plastiki, iwe Vingunguti, Changamwe, Industrial Area ya Nairobi au popote panaposagwa madumu na viti vilivyovunjika, ninalo onyo moja ninalotaka mlisikie kabla ya mengine yote. Ipo saa katika zamu ambayo kijana hufurahi. Mshale wa ampea umeshuka, mota imeacha kunguruma, presha nyuma ya chujio imepungua, na plastiki inatoka laini, inang'aa, kwenye dai, yaani tundu la chuma linaloipa umbo. Anamwambia mwenzake kwamba leo mashine imekubali. Mimi naiogopa saa hiyo kuliko ile ambayo mashine inalalamika. Kama hamkubadilisha malighafi, hamkugusa joto, wala hamkupunguza kasi, na bado plastiki imeanza kutiririka kirahisi, basi kuna kitu kinakatika ndani yake, na hakiungwi tena kwa kugeuza swichi.

Elezeni jambo hili hata kwa anayefagia sakafu, maana naye kesho ataitwa kushika paneli. Plastiki ni minyororo ya molekuli, mirefu kupita kiasi, iliyosokotana. Fikirieni sufuria ya tambi. Zilizo ndefu ukiziinua kwa mwiko, nusu ya sufuria inataka kupanda nazo. Zilizovunjwavunjwa zinateleza zote na kurudi chini. Mnato wa plastiki iliyoyeyuka, yaani ule ubishi wake wa kutiririka, unatokana na kusokotana huko. Na uhusiano wenyewe ni mkali. Minyororo ikishafikia urefu wa kusokotana, mnato wa plastiki inayokwenda polepole hupanda kwa kipeo cha karibu 3.4 cha uzito wa wastani wa molekuli. Kwa mtu wa zamu hesabu ni hii: minyororo ikipungua urefu kwa asilimia 10 tu, mnato unashuka kwa asilimia 30. Ikipungua kwa asilimia 20, zaidi ya nusu ya mnato imekwenda.

Ndiyo maana nasema mtiririko hutoa habari kabla ya macho. Rangi bado ni ileile, harufu ni ileile, kipande ukikikunja hakijavunjika, nayo plastiki imeshajeruhiwa na mashine inakuonyesha. Mwenye kusubiri mpaka aone moshi amechelewa kwa saa kadhaa.

Nianze na polipropilini, ile yenye namba 5 ndani ya pembetatu, tunayoipata kwenye viroba, viti vya plastiki, ndoo na vifuniko vingi. Kwenye mnyororo wake, kila kaboni ya pili imebeba tawi dogo la methili, na hidrojeni iliyokaa kwenye kaboni hiyo hung'oka kwa urahisi. Joto na msuguano wa skrubu vikiing'oa, panabaki radikali, yaani molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Kwenye nyuzi 200 na kuendelea radikali hiyo haitulii. Mnyororo unakatika kando yake, na mmoja unakuwa miwili. Ikikutana na oksijeni ni balaa zaidi: inaishika, inapora hidrojeni ya jirani, inageuka kuwa hidroperoksaidi, nayo hidroperoksaidi ikipasuka kwa joto inazaa radikali mbili mpya. Ulianza na jeraha moja, sasa unayo matatu. Mzunguko huu ulielezwa miaka ya 1940 na Bolland na Gee, watafiti wa Uingereza waliokuwa wakichunguza jinsi mpira na mafuta yanavyoharibiwa na hewa, na mpaka leo hakuna fundi wa plastiki anayeweza kuukwepa.

Giulio Natta aliipata polipropilini ngumu ya kufaa mwaka 1954 kule Milano, na kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na Karl Ziegler. Lakini ikiwa uchi, polipropilini haivumilii joto la mashine wala jua. Kilichoifikisha sokoni ni antioksidanti zinazochanganywa humo kiwandani: za fenoli, ambazo huzimisha radikali, na za fosfaiti, ambazo huzivunja hidroperoksaidi kwa amani kabla hazijapasuka. Dawa hizo hazina kazi nyingine ila kufa badala ya mnyororo. Kila mara plastiki inapoyeyushwa, sehemu yake inatumika. Sasa chukua kiti kilichokaa miaka mitano kwenye jua la baraza ya kahawa. Dawa yake imekwisha, na ndani yake zimejaa hidroperoksaidi zinazongoja joto. Ukikisaga na kukitia kwenye hopa kama ulivyotia punje mpya jana, kwa joto lilelile, usishangae mota ikipumua. Umetia plastiki iliyokuja na vita vyake ndani.

Kukatika huko hakuchagui kiungo. Na kwa kuwa mnyororo mrefu una viungo vingi, ndio unaopigwa mara nyingi zaidi. Hapa vijana wengi hawaendi mbali ya kutosha. Mnadhani plastiki imepungua unene wote kwa pamoja, sivyo. Iliyopotea kwanza ni ile minyororo mirefu sana, michache kwa idadi, na ndiyo inayoishikilia plastiki isianguke ikitoka kwenye dai bado moto. Kwa hiyo utaona mambo mawili mdomoni mwa dai. Bomba linalegea na kupoteza uduara kabla halijafika kwenye maji. Na ule uvimbe wa kawaida wa plastiki inapotoka kwenye tundu unapungua, kiasi kwamba vipimo vinabadilika ingawa dai ni lilelile. Kijana anachukua spana kurekebisha dai. Mwanangu, dai halina kosa, weka spana chini.

Na msinielewe vibaya. Kukata minyororo kwenyewe si ubaya. Viwanda vikubwa hutia peroksaidi kidogo kwenye polipropilini kwa makusudi, ikatike mpaka iwe nyepesi ya kutosha kuvutwa kuwa nyuzi nyembamba za barakoa na nepi. Lakini wao wanajua wametia kiasi gani, wanapima kilichotoka, na wanakiuza kwa kazi inayokifaa. Ninachokataza ni kukata bila kujua, halafu kuuza kama vile hujakata.

Sasa geuka upande wa pili, kwa sababu anayejua habari ya polipropilini peke yake ataharibu polithini ngumu. Hii ni ile ya madumu ya mafuta ya kula, namba 2, HDPE. Nayo inapata radikali kwa joto na msuguano, lakini tabia yake ni tofauti. Pasipo oksijeni nyingi, radikali zake hupenda kuungana kuliko kukatika. Zaidi ya hapo, HDPE nyingi iliyotengenezwa kwa kichocheo cha kromiamu ina kiungo maradufu kwenye ncha ya mnyororo, na radikali ya jirani huinasa ncha hiyo. Mnyororo unaota tawi refu. Matawi machache tu ya namna hiyo yanatosha kuupandisha sana mnato wa plastiki inayokwenda polepole, ijapokuwa ndani ya skrubu, ambako inasukumwa kwa kasi, huenda usione tofauti kubwa kwenye ampea.

Hapo ndipo penye mtego. Presha inapanda kidogo kidogo, uso wa kitu kinachotoka unaanza kukwaruzika, na kijana anaongeza nyuzi 10. Presha inashuka, anaridhika. Baada ya muda inapanda tena, anaongeza nyingine 10. Kila nyuzi anazoongeza zinazaa radikali zaidi, na radikali zinazaa matawi zaidi, mpaka minyororo inafungana kuwa mtandao usioyeyuka kabisa. Chukua karatasi ya plastiki iliyopulizwa kutoka kwenye mzigo wa namna hiyo, isimamishe mbele ya dirisha. Utaona vinundu vidogo vyenye kung'aa, kila kimoja na mkia mfupi upande wa kuvutwa. Papasa kwa kidole, utavisikia. Hivyo ni vipande vya mtandao ambavyo havitayeyuka tena hata ukivirudisha kwenye hopa, na kila kimoja ni mahali ambapo mfuko utaanza kuchanika au dumu kuvuja. Ukizidi kuongeza joto na hewa ikawepo ya kutosha, mambo yanageuka tena: kukatika kunashinda kuungana, mnato unaporomoka, na sasa una plastiki iliyo dhaifu na yenye vinundu kwa wakati mmoja.

Oksijeni na polithini wanajuana tangu zamani. Fawcett na Gibson waliipata polithini mara ya kwanza Machi 1933 kwenye maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, kwa kugandamiza ethilini kwa presha kubwa, halafu majaribio yakawa hayarudiwi vizuri mpaka ilipojulikana kwamba chembe za oksijeni zilizopenya ndizo zilizoianzisha minyororo. Hewa ileile iliyoizaa ndiyo inayoimaliza kwenye silinda yako.

Kuna jambo linaloniumiza kuhusu wale wanaochanganya. Madumu na viti vinasagwa pamoja kwa sababu vyote vinaelea kwenye maji ya kuoshea, na mtu anasema vimeshatengana na PET ya chupa iliyozama, inatosha. Haitoshi. Ndani ya mchanganyiko huo polipropilini inakatika na kuwa nyepesi wakati HDPE inaota matawi na kuwa nzito. Ukipima mtiririko wa mchanganyiko unaweza kukuta namba ileile ya asubuhi, ukaandika kwenye daftari kwamba mambo ni shwari, kumbe zote mbili zimeharibika, kila moja kwa njia yake, na namba zimefutana. Chambueni kwa mkono, kwa alama ya chini ya chombo, kabla ya kusaga. Baada ya kusaga hakuna jicho litakalowasaidia.

Joto ni rafiki mnayemsoma mahali pasipo pake. Kipimajoto kilichotobolewa kwenye ukuta wa silinda kinapima chuma. Plastiki iliyo katikati ya skrubu ina joto lake. Sehemu kubwa ya joto hilo haitoki kwenye hita. Inatoka kwenye mota, kwa njia ya msuguano wa plastiki yenyewe inapokamuliwa kati ya skrubu na ukuta. Kadiri mnato na kasi vinavyokuwa vikubwa, ndivyo joto hilo linavyopanda, na kasi inahesabika karibu mara mbili: ongeza mizunguko ya skrubu kwa nusu, joto la msuguano linaweza kukaribia maradufu. Ndiyo sababu utaona taa ya hita ya ukanda wa tatu imezima saa nzima, feni ya kupoza inazunguka, na bado plastiki inayotoka ni moto kuliko namba uliyoiweka. Fundi anayejua hali hiyo hachezi na hita. Anapunguza mizunguko, anaangalia chujio kama limeziba, anapima joto la plastiki yenyewe kwa sindano ya kipimajoto inayochomekwa kwenye donge lililotoka sasa hivi, na sindano yenyewe ameipasha moto kwanza ili isimdanganye. Halafu anaandika namba zote mbili, ya paneli na ya donge. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo itakayomfundisha mashine yake.

Muda nao unaunguza. Plastiki ya kawaida hukaa ndani ya silinda kwa dakika chache tu, lakini hiyo ni wastani. Iko inayopita haraka, na iko inayojificha: nyuma ya sahani ya kushikilia chujio, kwenye kona ya dai iliyochongwa vibaya, kwenye mkwaruzo wa skrubu iliyolika. Hiyo inakaa saa, na wakati mwingine siku. Inaunda ngozi nyeusi juu ya chuma, na ngozi hiyo inabanduka vipande vipande Jumatatu asubuhi mashine inapopashwa baada ya kulala. Vile vidoa vyeusi mnavyovilaumu kwa aliyewauzia malighafi, mara nyingi ni vyenu wenyewe. Na kama skrubu ina kutu, au waya za shaba zimepenya kwenye mzigo, jueni kwamba metali hizo huzipasua hidroperoksaidi kwa kasi, na kiasi kidogo sana kinatosha.

Kwa hiyo mnapofunga kazi ya polithini au polipropilini, msiikaushe silinda mkadhani mnaisafisha. Plastiki kidogo iliyopakwa juu ya chuma moto ikiwa na hewa pande zote ndiyo hali nzuri kuliko zote ya kuungua. Punguzeni joto kwanza, iacheni silinda imejaa, fungeni mlango wa hopa hewa isiingie, ndipo mzime. Kwa PVC ni kinyume kabisa, na nitaifikia.

Kuhusu PET, ile ya chupa za maji na soda, namba 1, sina maneno mengi, ila neno lenyewe ni zito kwa sisi tunaofanya kazi pwani. Adui wake mkubwa ni maji. Mnyororo wa PET umeungwa kwa viungo vya esta, na katika joto la kuyeyuka, nyuzi 260 na zaidi, molekuli moja ya maji inakata kiungo kimoja. Uzito wa wastani wa mnyororo wa PET ya chupa, kwa kuhesabu mnyororo mmoja mmoja, ni karibu 25,000. Wa maji ni 18. Fanyeni hesabu: gramu 1 ya maji ndani ya kilo 1 ya PET ina molekuli nyingi kuliko minyororo yote iliyomo kwenye kilo hiyo. Zikifanya kazi yote, kila mnyororo unakatwa zaidi ya mara moja kwa wastani. Na vipande vya PET vilivyolala kwenye gunia wazi Dar es Salaam au Mombasa msimu wa masika vinanyonya unyevu wa kiasi hicho na kupita bila kuonekana vimelowa. Kuanika juani hakusaidii. Inatakiwa mashine ya kukaushia yenye hewa iliyoondolewa unyevu, nyuzi 160 hivi kwa saa kadhaa, mpaka maji yabaki chini ya asilimia 0.005. Asiye na mashine hiyo asiisukume PET. Auze vipande vyake safi kwa anayeiweza, atapata faida yake kwa halali.

PVC ya mabomba ya kijivu, namba 3, ndiyo iliyonifanya niombe nafasi ya kusema nanyi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikipata joto bila kinga, inaanza kuachia asidi ya hidrokloriki hata kabla ya kufikia joto la kuichakata. Kasoro moja kwenye mnyororo inaachia, na ya jirani yake inafuata, zinafunguka moja baada ya nyingine. Asidi iliyotoka inaharakisha inayofuata. Mnyororo uliobaki umejaa viungo maradufu vilivyofuatana, ndivyo vinavyoleta rangi: njano, kisha chungwa, kisha kahawia, kisha nyeusi. Mtiririko wake nao una njia yake ya tatu. Baada ya asidi kutoka, minyororo hiyo inaanza kufungana, na mshale wa ampea unapanda ghafla. Ukiona rangi ya njano na ampea zinapanda pamoja, muda ulionao ni mfupi sana.

Zuio lake ni dawa za utulivu. Zamani ilikuwa risasi kwa wingi. Viwanda vya Umoja wa Ulaya viliiacha kufikia mwisho wa mwaka 2015, na sasa wengi hutumia kalsiamu na zinki. Ya kalsiamu na zinki ni nzuri kwa afya lakini ina tabia ambayo lazima muijue. Zinki ikishakunywa asidi inageuka kloridi ya zinki, nayo inachochea uharibifu badala ya kuuzuia. Kalsiamu ikiisha, PVC haiharibiki polepole. Inakuwa nyeusi yote kwa mara moja. Kwa hiyo msiseme kwamba jana ilivumilia nyuzi hizi kwa muda huu, basi na leo itavumilia. Mabomba ya zamani yaliyosagwa hamjui yamebakiwa na dawa kiasi gani, na mengi yana risasi. Msiyarudishe kamwe kuwa mabomba ya maji ya kunywa.

Na umeme wetu mnaujua. Ukikatika katikati ya kazi ya PVC, hita zinazima lakini chuma kinabaki moto kwa muda mrefu, na skrubu imesimama. Kila dakika asidi inatoka na haina pa kwenda. Kama mna jenereta, mzigo wa kwanza wa kuubeba uwe mota ya skrubu, si taa wala kompyuta ya ofisini. Sukumeni PVC yote itoke na mwifuate kwa polithini ya kusafishia. Kama hamna jenereta, fungueni dai likiwa bado moto, mtoe mnachoweza, mwelekeze hewa ya kupoza kwenye silinda kwa njia yoyote mliyonayo. Umeme ukirudi, msiipashe mashine iliyojaa PVC iliyoungua mkitumaini itatoka yenyewe. Skrubu ivutwe, isafishwe. Najua ni nusu siku ya kazi na tajiri anapiga simu. Mwambieni tajiri kwamba asidi ile inakula chuma cha silinda yake, na skrubu mpya inagharimu kuliko nusu siku. Msimwambie mnavumilia moshi. Moshi ule unachoma mapafu. Kijana anayekohoa kila anapofungua dai atolewe pale, milango ifunguliwe, na mfereji wa kuvuta hewa ujengwe kabla ya mashine ya pili kununuliwa.

Jambo jingine msilijaribu hata kidogo: msichanganye PVC na plastiki ya asetali, ile ngumu nyeupe ya gia ndogo na baadhi ya zipu. Asidi ya PVC inaifungua asetali mpaka iwe gesi ya formaldehidi, na gesi hiyo ikikusanyika kwenye silinda iliyofungwa inaweza kuirusha plastiki ya moto usoni mwa aliyesimama mbele ya dai. Kipande msichokijua kisiingie kwenye hopa.

Nimesema mtiririko hutoa habari mapema, basi niwaambie namna ya kuisoma bila kubahatisha. Kifaa chenyewe si cha ajabu. Ni silinda ndogo ya chuma yenye hita, bastola, na tundu chini lenye kipenyo cha milimita 2.095. Kwa polipropilini unaweka nyuzi 230, kwa polithini 190, unatia punje chache, unaiacha iyeyuke, unaweka uzito wa kilo 2.16 juu ya bastola, na unakata kinachotoka kwa saa ya mkononi. Unapima vipande kwenye mizani, unapata gramu kwa dakika 10. Hiyo ndiyo MFI, yaani kipimo cha mtiririko, na utaratibu wake umeandikwa kwenye kiwango cha ISO 1133. Polipropilini ya kufumia viroba huwa karibu na 3. HDPE ya madumu iko chini ya 1. Namba moja pekee ina kazi ndogo. Kinachofaa ni kupima malighafi kabla haijaingia, na kitu kilichotoka upande wa pili, siku hiyohiyo, kwa mkono uleule. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jeraha ambalo mashine yako imelitia.

Kiwango cha kimataifa cha mabomba ya polithini ya maji, ISO 4427, kinaitambua hatari hiyo waziwazi. Kwa mabomba hayo wanatumia uzito wa kilo 5, na MFI ya bomba lililokwisha kutengenezwa hairuhusiwi kutofautiana na ya punje zake kwa zaidi ya asilimia 20, juu wala chini. Juu wala chini, mmeona: kukatika ni kosa na kuota matawi ni kosa. Tena wanataka plastiki ivumilie oksijeni kwa dakika zisizopungua 20 kwenye nyuzi 200 kabla haijaanza kuungua, kupima kama antioksidanti imebaki. Bomba linazikwa ardhini na kutarajiwa kubeba presha kwa miaka 50. Dawa iliyoisha kwenye silinda yako haitakuwepo kulilinda huko chini.

Karakana isiyo na kifaa hicho bado ina mashine yake. Chagueni kasi moja, joto moja na dai moja. Kila asubuhi, kabla ya kazi, endesheni dakika 10 kwa hali hiyo, pimeni uzito wa kilichotoka, andikeni ampea, presha na joto la donge. Andikeni pia mzigo umetoka wapi na umekaa juani muda gani kwa kadiri mnavyojua. Daftari likijaa, mtajua mzigo wa nani unakatika na wa nani unaota matawi, na mtajua mapema kiasi gani cha punje mpya au antioksidanti mtie.

Na mzigo ulioharibika msiutupe, wala msiufiche. Jahazi la Flipflopi lililozinduliwa Lamu mwaka 2018 lilijengwa kwa plastiki iliyookotwa, na likasafiri mpaka Zanzibar. Hakuna wa kutuambia kwamba taka haifai kitu. Mzigo uliokatika unafaa nguzo nene za uzio, vigae vya kutembelea vilivyochanganywa na mchanga, mbao za kukalia. Uandikeni hivyo kwenye gunia, kwa herufi kubwa, na bei yake iwe ya mzigo huo. Akija mtu wa mabomba akasema anauchukua kwa bei nzuri, muulizeni bomba linakwenda kubeba nini. Kama ni maji ya watu, mrudishieni hela yake.